Nesi mwenye I-485 (ombi la grini kadi) inayosubiri: kuacha hospitali na kufungua ajensi ya kuhudumia wagonjwa majumbani

Nesi_Dallas anauliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaoijua sheria hii vizuri. Mimi ni RN (muuguzi aliyesajiliwa), Mkenya, niko Dallas. Hospitali iliniombea grini kadi ya EB-3 (kundi la wafanyakazi) kupitia Schedule A, orodha ya kazi zenye uhaba kama uuguzi. I-140, yaani ombi la mwajiri, ilishapitishwa. I-485 ina miezi minane tangu ipokelewe USCIS (idara ya uhamiaji), ila tarehe yangu ya kipaumbele, yaani nafasi yangu kwenye foleni, haijafikiwa kwenye jedwali la viza, kwa hiyo faili limesimama. Niliingia kwa viza ya mwanafunzi na OPT (ruhusa ya kazi baada ya masomo) imekwisha. Nina kibali cha kazi cha C09, cha wanaosubiri I-485, na kibali cha kusafiri. Mume wangu yumo kwenye ombi hilohilo kama mtegemezi, naye ana C09 yake.

Nataka kufungua ajensi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani. Je, naruhusiwa kujiajiri kabla kadi haijatoka? Hospitali ikiondoa I-140 nikishaacha kazi, ombi langu linakufa? Na nikibaki hospitalini, naweza kuianza hiyo biashara wikendi?

Fomu_kwa_Fomu:

Dada, kuna jambo moja wengi hulielewa kinyume. Grini kadi ya ajira hutolewa kwa ajili ya kazi utakayoifanya kadi ikishatoka. Kazi unayoifanya leo inasimamiwa na kibali cha C09, na kibali hicho hakina jina la mwajiri wala aina ya kazi. Unaweza kuajiriwa, kujiajiri, au vyote kwa pamoja. Kwa hiyo swali lako la mwisho ndilo jepesi: ndiyo, unaweza kufanya biashara wikendi na faili lako lisiguswe, mradi hospitali bado inakutaka kwa kazi ya muda wote na wewe bado unakusudia kuifanya.

Kuacha hospitali ndiko kunakoingia kwenye sheria ya mwaka 2000 inayojulikana kama AC21. Kifungu chake cha 106(c) leo kinasomeka kama 204(j) ndani ya sheria kuu ya uhamiaji. Kinataka I-485 iwe imesubiri siku 180 au zaidi, I-140 iwe imepitishwa au iwe na sifa za kupitishwa, na kazi mpya iwe ya kundi lilelile au linalofanana nalo. Siku zinahesabiwa kwa kalenda, kuanzia tarehe ya kupokelewa iliyo kwenye risiti ya I-797. Usihesabu kuanzia tarehe iliyochapwa juu ya barua. Miezi ambayo tarehe yako imerudi nyuma kwenye jedwali nayo inahesabiwa. Kwa miezi minane umeshavuka.

Kujiajiri kunakubalika. Waraka wa ndani wa Desemba 2005 ulisema hivyo, na mwongozo wa sera wa USCIS unaotumika sasa umeshika msimamo huohuo. Ila afisa anatazama mambo mawili. Kwanza, kampuni yako iwe ya kweli. Pili, ofa ya hospitali iwe ilikuwa ya kweli siku I-140 ilipowasilishwa: wao walikusudia kukuajiri, na wewe ulikusudia kufanya kazi ile. Kwa kuwa umekwisha fanya kazi pale, W-2 (taarifa ya mshahara ya kila mwaka) na hati zako za mshahara zinajibu suala la pili vizuri. Zitunze zote, hata za mwezi wa kwanza.

Kuhusu hospitali kuondoa I-140, kanuni iliyoanza tarehe 17 Januari 2017 inakulinda. Mwajiri akiiondoa baada ya siku 180 tangu ipitishwe, au baada ya I-485 kusubiri siku 180, idhini haifutwi kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo kampuni ikifunga milango. Kinachoweza kuibomoa baada ya hapo ni udanganyifu, au USCIS kubaini kwamba ilikosea kuipitisha tangu mwanzo. Anayeumia ni yule anayeaga kazini siku ya 150 akidhani amekaribia vya kutosha. Mwajiri akiondoa ombi wakati huo, kabla ya hesabu yoyote kati ya hizo mbili kutimia, I-485 inakosa mahali pa kusimama na itakataliwa.

Fomu ya kuhama ni Supplement J ya I-485. Haina ada. Aliyejiajiri anajaza sehemu ya mwombaji na sehemu ya mwajiri, na anatia saini kote kuwili kwa kalamu. Sehemu ya mwajiri inauliza cheo, namba ya SOC ya kazi (namba ya serikali ya kuainisha kazi), majukumu, saa kwa wiki, mshahara, mwaka kampuni ilipoanzishwa, idadi ya wafanyakazi, na mapato kabla na baada ya gharama. Hapo ndipo kampuni iliyosajiliwa juzi inapoonekana nyepesi. Mtu anaandika mfanyakazi mmoja na mapato sifuri, kisha anashangaa USCIS ikimwandikia barua ya kudai ushahidi.

Mama_Leseni:

Nakubaliana na mwenzangu, lakini swali gumu la dada huyu bado halijaguswa. Muuguzi aliyesajiliwa ni SOC 29-1141. Mwenye ajensi anayeshughulika na mikataba, malipo, kuajiri watu na kukutana na wakaguzi ni meneja wa huduma za afya, SOC 11-9111. Tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha makundi makuu mawili tofauti. USCIS haiangalii namba peke yake. Inapima majukumu, elimu na ujuzi unaohitajika, leseni na mshahara, halafu inaamua kwa jumla kama kuna uwezekano zaidi ya nusu kwamba kazi zinafanana. Lakini namba zikiwa mbali kiasi hiki, mzigo wa kueleza ni wako.

Mwongozo wa sera unakubali mtu kupanda ngazi: muuguzi akawa msimamizi wa wauguzi, na kazi yake kuu ikawa kusimamia kazi ileile aliyoombewa. Mlango wako ni huo. Ila angalia utakaowasimamia ni nani. Ukisimamia wauguzi, hoja ina nguvu. Ukisimamia wasaidizi wa kuogesha, kupika na kufua, ambao SOC yao inaanzia 31-1120, hoja inalegea, kwa sababu hakuna uuguzi unaousimamia.

Kwa Texas hili linaamuliwa na aina ya leseni utakayoomba. Leseni ya HCSSA, ya ajensi za huduma za majumbani, inatolewa na idara ya afya na huduma za jamii ya jimbo, HHSC, na ina makundi. Kundi la huduma binafsi, PAS, ni la usaidizi wa kawaida nyumbani na halina uuguzi. Ni jepesi kuanza, ndiyo maana wengi wetu huanzia huko. Kwa faili la nesi wa Schedule A ndilo chaguo dhaifu kuliko yote. Kundi la huduma za afya nyumbani zenye leseni linadai muuguzi msimamizi, na huyo anaweza kuwa wewe: kumtathmini mgonjwa anapopokelewa, kuandaa mpango wa matunzo, kufunga vidonda, kusimamia dawa, kukagua kazi za wauguzi wengine. Andika majukumu yako kwa asilimia za muda wa wiki. Uuguzi na usimamizi wa uuguzi vikichukua asilimia 70 au zaidi, barua yako inasomeka tofauti kabisa na ile inayoanza na "mkurugenzi mkuu na mwenye kampuni". Lakini asilimia ziwe za kweli, maana kwenye usaili utaulizwa Jumatatu yako ilivyokuwa.

Leseni hiyo haitoki upesi, na bila leseni huna mapato halali. Usiage hospitalini ukiwa na jina la kampuni na akaunti ya benki tu.

Njia nyingine ambayo watu huisahau: unaweza kujiajiri kama RN bila kuwa na ajensi. Kampuni yako inaingia mikataba na ajensi zilizokwisha kuwa na leseni, wewe unafanya tathmini, unaweka dripu, unafunga vidonda, unafundisha wasaidizi. SOC inabaki 29-1141. Jumla ya saa iwe ya muda wote, 35 au zaidi kwa wiki, kwa sababu ofa ya EB-3 ni ya kazi ya kudumu na ya muda wote. Zamu za kuitwaitwa siku moja moja hazihesabiki kama kazi ya kuhamia, hata zikilipa vizuri.

Nesi_Dallas:

Asanteni sana. Mama Leseni, mpango wangu ulikuwa PAS, kwa sababu ya urahisi huohuo uliosema. Je, mume wangu akiifungua yeye? Na VisaScreen (cheti cha kuhakiki sifa za wauguzi wa kigeni) bado inahitajika nikijiajiri?

Mama_Leseni:

Mume wako ndiye jibu zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Mtegemezi hafungwi na ofa ya kazi. C09 yake inamruhusu kusajili kampuni, kuiendesha, kuajiri watu na kujilipa, na hakuna Supplement J anayodaiwa, kwa kuwa haki yake inatoka kwako. Afungue PAS kwa jina lake, awe msimamizi kama anatimiza masharti ya jimbo, la sivyo aajiri msimamizi anayeyatimiza. Wewe baki hospitalini. Unaweza kumsaidia wikendi kwa C09 yako. Soma kwanza sera ya hospitali kuhusu mgongano wa maslahi, na usichukue mgonjwa hata mmoja kutoka wodini kwako.

Ila kumbuka faili lake linategemea lako. Lako likikataliwa, lake linaanguka siku hiyohiyo, na kibali chake kinaweza kufutwa. Kwa hiyo anayekaa kwenye kazi salama awe ni wewe.

VisaScreen inahitajika maadamu kazi utakayoifanya ni ya uuguzi, hata kama ulisoma Marekani. Cheti kina miaka 5, na lazima kiwe hai siku afisa anapoamua faili. Faili linaloganda miaka kwa sababu ya tarehe ya kipaumbele linaweza kumaliza cheti kikiwa ndani. Angalia tarehe yako leo.

Wa_Kisauni:

Mimi naona hapa mnampa dada moyo kupita kiasi. Nesi wa EB-3 asiguse chochote hadi kadi ifike mkononi. Ukibadilisha kitu, USCIS inafungua faili upya.

Fomu_kwa_Fomu:

Ndugu, nia yako ni njema, lakini sheria haisemi hivyo, na ushauri wa namna hii umewafunga watu kwa waajiri wanaowatesa. Bunge la Marekani liliandika 204(j) kwa sababu foleni ilikuwa ndefu kuliko uvumilivu wa binadamu. Kuhama hakufungui I-140 upya. Kinachoongezeka ni swali moja la kulinganisha kazi.

Hata hivyo upo ukweli ndani ya hofu yako, na dada anapaswa kuujua. OPT yake imekwisha, kwa hiyo hana hadhi nyingine ya uhamiaji chini ya I-485. Yuko nchini kwa ruhusa ya kukaa akisubiri uamuzi. Ombi likikataliwa, hana kitu cha kurudia kama mwenye viza ya kazi ya H-1B aliyeitunza. Kwa sababu hiyo ushahidi wake wa kuhama unapaswa kuwa mzito kuliko wa mtu mwingine.

Akiamua kuhama, faili la kampuni liwe na cheti cha usajili wa LLC (kampuni yenye dhima yenye kikomo), barua ya IRS (mamlaka ya kodi) ya CP 575 yenye EIN, namba ya kodi ya kampuni, leseni ya HCSSA au mikataba ya kweli na ajensi, leseni yake ya RN, taarifa za benki ya kampuni, bima ya dhima ya kitaaluma, ankara zilizolipwa, na barua ya majukumu yenye asilimia za muda. Mwajiri mpya hadaiwi kuthibitisha uwezo wa kulipa kama alivyodaiwa mwajiri wa kwanza kwenye I-140. Lakini mshahara ukishuka sana kuliko ulioandikwa kule, afisa atauliza kama kazi kweli inafanana, na tena kama kampuni ni ya kweli. Kampuni iwe na mapato ya miezi kadhaa kabla ya kutuma Supplement J. Hilo linawezekana: anafanya pembeni kwa C09 huku hospitali ikiwa bado ndiyo ofa yake, mapato yanajengeka, halafu ndipo anahama.

Watu hubishana kama utume Supplement J ukishahama au usubiri USCIS iiombe. Kwa aliyehamia mwajiri mwingine wa kawaida, njia zote mbili zina watetezi. Kwa aliyejiajiri, mimi nasema itume mwenyewe karatasi zikishakuwa kamili. Ukiitwa kwenye usaili ukiwa hujasema kitu, unaanza kwa kujieleza kwa nini umenyamaza.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii: hakuna muda uliowekwa kisheria wa kubaki kwenye kazi baada ya kadi kutoka, lakini ukiomba uraia kwa N-400 baada ya miaka 5, afisa anaweza kurudi nyuma na kuuliza kama kazi uliyopatia kadi ilikuwa ya kweli. Kampuni iliyofungwa wiki moja baada ya kadi kufika itahitaji maelezo mazuri.

Mhasibu_Houston:

Naongeza upande wa hesabu, maana huu ndio unaowaangusha watu wenye karatasi safi za uhamiaji.

LLC ya Texas inasajiliwa kwa Fomu 205 kwa waziri wa jimbo, ada dola 300. EIN inatolewa bure na IRS mtandaoni. Usimlipe mtu kwa hilo. LLC ya mtu mmoja, usipochagua vingine, inalipiwa kodi kwenye tamko lako binafsi kupitia Schedule C. Faida ikifika dola 400 unadaiwa Schedule SE, fomu ya kodi ya kujiajiri. Kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3, na inakatwa kwenye asilimia 92.35 ya faida. Mfano, faida ya dola 60,000: sehemu inayokatwa ni 55,410, na kodi ni kama dola 8,478. Nusu yake unaipunguza kwenye mapato unapopiga hesabu ya kodi ya mapato ya shirikisho, ambayo inakuja juu ya hiyo. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo kwa mtu binafsi.

Ukiwa hospitalini, walikukatia kila malipo. Sasa unajikatia mwenyewe kwa 1040-ES, mara nne: tarehe 15 ya Aprili, Juni, Septemba na Januari. Wengi hukosa ile ya Juni, kwa sababu inakuja miezi miwili tu baada ya ya Aprili. Adhabu yake si kubwa, lakini kufika Aprili bila akiba ya kodi ya mwaka mzima kunaua biashara changa. Fungua akaunti ya pili na weka humo sehemu ya kila malipo siku yanapoingia.

Tahadhari ya S-corp, namna nyingine ya kampuni kutozwa kodi. Mtu atakwambia uichague ili upunguze kodi ya kujiajiri. Mgeni asiye mkaazi kwa sheria ya kodi haruhusiwi kuwa mwanahisa wa S-corp. Aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ana miaka 5 ya kalenda ambayo siku zake hazihesabiwi kwenye kipimo cha ukaazi, kwa hiyo unaweza kuwa na I-485 na bado IRS ikakuona si mkaazi. Hakikisha mwaka wako wa sita umefika kabla ya kuijaza fomu ya uchaguzi huo, la sivyo uchaguzi ni batili na hesabu zote zinarudiwa.

Na ajensi ikikulipa kwa 1099 (kama mkandarasi huru) huku inakupangia zamu, inakupa sare na inakwambia mgonjwa yupi saa ngapi, hiyo ni ajira ya kawaida iliyovishwa jina jingine. Unabeba 15.3 nzima badala ya nusu, na kwenye Supplement J utajikuta unadai umejiajiri huku mikataba inaonyesha una bosi.

Fomu_kwa_Fomu:

Kuna mkataba pia. Dada, soma kama hospitali ilikusainisha kukaa miaka miwili au mitatu kwa kiasi fulani cha pesa ukiondoka mapema. Deni hilo ni la kimkataba. Haligusi I-485, na mwajiri hawezi kuifuta grini kadi kwa sababu hujalilipa. Akikutishia na uhamiaji ili ubaki, andika tarehe na maneno yake. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho ya New York iliamua kwamba kipengele cha dola 25,000 kilichowabana wauguzi wa kutoka Ufilipino kilikiuka sheria ya kuzuia kazi za kulazimishwa. Hukumu hiyo haifuti kila kipengele cha namna hiyo. Gharama halisi, kama ada ya mtihani waliyokulipia, zinaweza kudaiwa. Mpelekee wakili wa kazi mkataba kabla ya barua ya kuacha kazi, na awe tofauti na wakili wa uhamiaji anayelipwa na hospitali, kwa sababu huyo anawatumikia na wao pia.

Mama_Leseni:

La mwisho kwangu ni tarehe za kibali, kwa sababu sheria zimebadilika na ushauri wa zamani bado unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Maombi ya kuongeza kibali cha kazi yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 30 Oktoba 2025 hayapati tena nyongeza ya moja kwa moja ya siku 540. Na vibali vya C09 vinavyotolewa tangu Desemba 2025 vina ukomo wa miezi 18, si miaka 5. Maana yake kwa aliyejiajiri ni nzito: kibali kikiisha na kipya hakijafika, unasimama. Kumhudumia mgonjwa, kutuma ankara, kusimamia zamu, vyote ni kazi, hata kampuni ikiwa yako. Wafanyakazi wako wanaendelea na wewe unabaki kuwa mmiliki, lakini huugusi uendeshaji. Kifungu cha 245(k) kinasamehe hadi siku 180 za makosa ya namna hiyo tangu uingie nchini kihalali mara ya mwisho, kwa waombaji wa grini kadi ya ajira. Kiache kiwe akiba ya dharura, usikipangie matumizi.

Unaweza kuwasilisha I-765, ombi la kibali cha kazi, kuanzia siku 180 kabla ya kuisha. Weka alama siku hiyo kwenye kalenda, ya kwako na ya mume wako, na tuma wiki hiyohiyo. Pia mteue mtu mwenye kibali au uraia kuwa msimamizi mbadala wa ajensi, ili pengo likitokea wagonjwa wasikose huduma.

Na safari. Kwa kuwa huna hadhi nyingine, ukitoka kwenda Nairobi bila kibali cha kusafiri kilicho hai mkononi, I-485 inahesabika umeitelekeza. Kibali kiwe kimeshatolewa kabla hujapanda ndege. Ombi lililotumwa peke yake halikulindi, hata msiba ukitokea.

Nesi_Dallas:

Nimeelewa. Mume wangu ataanza taratibu za PAS kwa jina lake, mimi nabaki hospitalini. Kesho naangalia tarehe ya VisaScreen na siku ya 180 kabla ya vibali vyetu kuisha. Mama Leseni, nikitaka baadaye kuongeza kundi la huduma za afya kwenye leseni hiyohiyo ili niingie kama muuguzi msimamizi, inakubalika?

Mama_Leseni:

HHSC inaruhusu ajensi kuomba kuongeza kundi la huduma kwenye leseni iliyopo. Likishaongezwa, nawe ukiwa muuguzi msimamizi kwa saa 35 au zaidi kwa mshahara usiopungua sana ule wa I-140, hapo ndipo Supplement J yako inakuwa na miguu. Mwajiri kwenye fomu atakuwa kampuni ya mume wako, kwa hiyo yeye ndiye atatia saini sehemu ya mwajiri. Tajeni uhusiano wenu wazi kwenye barua ya maelezo, msiuache mpaka afisa augundue mwenyewe.